Draivu ya DVD Inasingiziwa

Kila aliyewahi kupiga Windows 7 kwenye mashine chache tu anaujua ujumbe huu. DVD inaingizwa, sahani inazunguka, nembo ya Windows inatokea, mtu anachagua lugha na kubonyeza kitufe cha kuanza kazi, kisha mashine inasimama na kuandika kwamba draiva ya CD au DVD inayohitajika haipo. Iwe hapa Maskati, dukani Ruwi au nyumbani Al Khuwair au Seeb, iwe ng'ambo ya bahari kule Darajani, Unguja, hukumu inayofuata huwa nyepesi: draivu imekufa, itafutwe nyingine. Hukumu hiyo mara nyingi ni ya uonevu, na ina gharama: riali za mwenye mashine, saa za fundi, na wakati mwingine kompyuta nzima inayowekwa kando ilhali haina ubovu wowote. Tuelewane mapema kwamba draivu ni chombo chenyewe, chenye mota yake na lenzi yake, na draiva ni programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kuzungumza na chombo hicho. Ninachodai ni kwamba DVD iliyofika hadi kwenye ukurasa huo imeshatoa ushahidi wa kuitetea draivu, na ushahidi huo unatuelekeza kwingine: kwenye makabidhiano baina ya programu mbili, au kwenye diski yenyewe.

Ili kuona kwa nini, hatuna budi kufuata kinachotokea tangu mashine inapowashwa. Kabla Windows au Linux haijapata uhai, anayesoma diski ni programu iliyomo ndani ya madabodi, ile tuliyoizoea kwa jina la BIOS na ambayo kwenye mashine za karibuni ni UEFI. Programu hii ina njia yake ya kusoma, ya msingi tu, isiyohitaji draiva kutoka nje. Kwa njia hiyo, faili kubwa liitwalo boot.wim huvutwa kutoka kwenye DVD na kupakiwa lote katika kumbukumbu ya mashine. Ndani yake mna Windows ndogo ya muda, ambayo kazi yake ni moja, kusakinisha Windows kamili. Ikishasimama, Windows hiyo ndogo inaendeshwa kutoka kwenye kumbukumbu, na BIOS haiisomei tena chochote. Ni kama rubani wa bandari anayeitoa meli Matrah hadi kilindini kisha akateremka kwenye mashua yake: nahodha aliyebaki usukani hana budi kuijua njia iliyosalia kwa ramani zake mwenyewe. Hatua inayofuata ya Windows ndogo ni kutafuta faili jingine, install.wim, lililo kubwa zaidi na ambalo bado limo kwenye DVD. Inalitafuta kwa draiva zake yenyewe. Isipoiona DVD, au ikiiona lakini ikashindwa kusoma kilichomo, hutoa maelezo yaleyale, kwamba draiva haipo. Ujumbe ni mmoja, sababu zake ni nyingi, na takriban hakuna kati yake iliyo na maana ya lenzi kufa, maana lenzi hiyohiyo ndiyo iliyosoma megabaiti nyingi dakika moja iliyopita.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulipatikana mwaka 2015. Kiwango cha USB 3.0 kilitangazwa Novemba 2008 na Windows 7 ikatoka Oktoba 2009, lakini DVD ya Windows 7 haikuwa na draiva ya USB 3.0 ndani yake. Kwa miaka kadhaa jambo hilo halikumsumbua mtu, kwa kuwa kompyuta zilikuja na matundu ya aina zote mbili, ya zamani na mapya, na aliyekwama alihamisha waya kutoka tundu la buluu hadi tundu jeusi, akaendelea na kazi yake. Agosti 2015 Intel ikaleta kizazi cha sita cha Core, kinachojulikana kwa jina la Skylake, na kwenye madabodi za kizazi hicho kidhibiti cha zamani cha USB kikaondolewa kabisa. Matundu yote yakawa chini ya kidhibiti kipya. Matokeo yake yaliwashangaza wengi: DVD ya nje iliyounganishwa kwa USB ilisomwa vizuri na BIOS, nembo ikatokea, na mara tu Windows ndogo iliposhika usukani, DVD ikatoweka, na mausi na kibodi zikazimika pamoja nayo. Hapakuwa na kilichoharibika. Diski hiyohiyo ikitiwa kwenye draivu ya ndani iliyofungwa kwa waya wa SATA, kazi ilikwenda mpaka mwisho, kwa sababu draiva ya SATA Windows 7 ilikuwa nayo. Na aliyekuwa na kibodi ya tundu la duara la PS/2 aliandika bila tabu. Intel yenyewe ilitoa programu ya kupachika draiva za USB 3.0 ndani ya nakala ya Windows 7, na nakala ikishapachikwa hivyo tatizo liliisha. Kilichobadilishwa kilikuwa maarifa ya mfumo, wala si chombo.

Wala si jambo la enzi moja. Katika zama za Windows 95, aliyenunua CD ya mfumo alilazimika kuanza na flopi, na ndani ya flopi hiyo awe na draiva ya CD, la sivyo mashine haikujua kama ina CD hata ikiwa imefungwa mbele ya macho yake. Mwaka 1995 huohuo Phoenix na IBM walitoa utaratibu uitwao El Torito, unaoiruhusu CD kuiwasha kompyuta yenyewe, na tangu hapo karibu kila diski ya mfumo endeshi imefuata utaratibu huo. Lakini utaratibu kuandikwa ni jambo moja, na kila mtengenezaji kuufuata sawasawa ni jambo jingine. Mac za mwanzo za Intel, za mwaka 2006 na 2007, zilikuwa na UEFI ya kizamani ya biti 32, na diski za Linux zenye njia mbili za kuwaka, moja ya BIOS na moja ya UEFI, ziliziduwaza: kioo kilionyesha chaguo la kwanza na la pili, kikaomba mtu achague, kisha kisikubali kibonye chochote. Watu wa Debian, aina mojawapo ya Linux, walilazimika kutengeneza nakala maalumu kwa ajili ya Mac hizo, yenye njia moja tu ya kuwaka. Draivu za Mac hizo zilikuwa nzima, na diski zilikuwa nzima, ila hazikuelewana na kitu kilichokuwa katikati yao.

Kitu hicho cha katikati kinastahili kuangaliwa kabla ya bisibisi kuguswa. Kwenye mashine nyingi za kuanzia takriban 2012, ukifungua orodha ya vitu vya kuwashia utaona DVD hiyohiyo imeandikwa mara mbili, mara moja kwa jina lake tupu na mara ya pili ikiwa na neno UEFI mbele. Hizo ni njia mbili tofauti. Windows 7 ya biti 32 haiwezi kuwaka kwa njia ya UEFI, na mtu akiilazimisha ataona giza tu na kudhani DVD haisomeki. Anayechagua njia tofauti na ile iliyotumika kuigawa diski kuu ya ndani ataambiwa kwamba Windows haiwezi kuwekwa kwenye diski hiyo. Ulinzi wa Secure Boot, uliokuja pamoja na Windows 8 mwaka 2012, nao hukataa diski nyingi za zamani bila kueleza kwa lugha ya kueleweka. Na kwa aliye na shughuli inayohitaji Windows XP, mfumo wa mwaka 2001, kuna mpangilio wa SATA: XP haina draiva ya AHCI, mpangilio wa kisasa, kwa hiyo CD itawaka vizuri, itasoma vizuri, kisha kazi itaishia kwenye kioo cha buluu au kwenye madai kwamba hakuna diski kuu. Kubadilisha mpangilio kuwa IDE, ule wa zamani, ndani ya BIOS huchukua dakika moja. Kwenye mashine za zamani zaidi, zenye waya mpana wa pini 40, kuna kile kipande kidogo cha plastiki nyuma ya draivu kinachoamua nani mkuu na nani msaidizi; draivu mbili zikiwekwa wakuu kwenye waya mmoja, mara nyingi hakuna kinachoonekana.

Kama makabidhiano yako sawa, mshtakiwa wa pili ni diski, na hapa Maskati diski ina maadui zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Kosa la kwanza halihusu hali ya hewa hata kidogo. Mtu anapakua faili la ISO, analiburuta hadi kwenye DVD tupu, analichoma kama angechoma picha za harusi. Anapata DVD yenye faili moja ndani yake, isiyoweza kuwasha chochote. ISO inatakiwa ichomwe kama taswira, yaani programu ya kuchomea iifungue na kuiandika diski nzima jinsi ilivyo. Windows 7 na zilizofuata zina uwezo huo ndani yake, na kwenye XP programu kama ImgBurn hufanya kazi hiyo. Kosa la pili ni kutokagua kilichopakuliwa. Mitandao mingi inayotoa mifumo endeshi huandika alama ya SHA-256 pembeni ya faili, na kwenye Windows amri ya certutil huitoa alama ya faili lako ndani ya muda mfupi. Zikitofautiana hata herufi moja, faili halifai na hakuna draivu duniani itakayoliponya. Kosa la tatu ni kuchoma kwa kasi ya juu kabisa bila kuamuru programu ihakiki baada ya kuchoma. Diski iliyochomwa kwa pupa husomeka mwanzoni na kukwama katikati, na hapo ndipo ule ujumbe wa draiva kutokuwepo hutokea tena, safari hii kwa sababu install.wim ina doa.

Kisha kuna joto. Mwezi wa Juni 2018, Quriyat, iliyo ndani ya mkoa huuhuu wa Maskati, ilipitisha saa 24 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku na mchana. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2003 kuhusu utunzaji wa CD na DVD, ilipendekeza diski zihifadhiwe kati ya nyuzi 4 na 20. Diski ya kuchomwa hutunza data kwenye rangi ya kikemikali inayodhoofishwa na joto na mwanga wa jua, na diski iliyosahauliwa ndani ya gari kwa kiangazi kimoja cha hapa imepata mateso ambayo mwongozo huo haukuyafikiria. Unyevu nao una njia yake. Diski au draivu ikitolewa kwenye chumba cha kiyoyozi na kupelekwa nje penye mvuke wa bahari wa Agosti, umande hutanda juu ya lenzi, na kwa dakika kadhaa draivu iliyo nzima kabisa hushindwa kusoma. Kuiacha itulie ndiyo tiba pekee. Vumbi, ambalo hapa si geni, huondolewa kwa hewa ya kopo au kitambaa laini, na diski hufutwa kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha.

Kuna watakaopinga kwamba draivu hufa kweli, na kwamba ninazitetea kupita kiasi. Hufa, naam. Mota huchoka, mkanda wa kufungulia hulegea, na mwanga wa leza hufifia kwa umri. Lakini kifo hicho kina dalili zake, na dalili hizo zinaweza kupimwa. CD husomwa kwa leza ya urefu wa wimbi wa nanomita 780 na DVD kwa leza ya 650, kwa hiyo draivu inayosoma DVD na kukataa CD, au kinyume chake, imepoteza leza moja na hapo hukumu ya kifo ni ya haki. CD iliyopigwa kiwandani hurudisha angalau asilimia 70 ya mwanga, na CD-RW, ile inayofutika, hurudisha baina ya asilimia 15 na 25 tu. Draivu iliyozeeka huanza kuzikataa za kufutika kabla ya kuzikataa za kiwandani. Kwa hiyo mtu asijaribie draivu kwa CD-RW kisha akaizika. Kipimo bora ni diski ya Linux inayowaka bila kusakinishwa, kwa kuwa Linux ya namna hiyo inaendelea kusoma diski hata baada ya kushika usukani kutoka kwa BIOS, na ikifika mpaka kwenye meza yake ya kazi na programu zake zikafunguka, basi draivu, waya na madabodi vyote vimethibitika kuwa vizima. Aliyehifadhi moja ya zile CD za Ubuntu ambazo kampuni ya Canonical ilizituma bure kwa posta hadi mwaka 2011 anayo tayari zana ya kupimia, na imepigwa kiwandani. Linux si mgeni hapa: Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa programu huria wa FOSSC Oman mwaka 2013, na vijana wengi wa vyuo wanaweza kumchomea jirani diski kama hiyo bila malipo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni la fundi. Atasema draivu ni kitu cha bei ndogo, muda wake ni ghali, na kubadilisha ni haraka kuliko kuchunguza. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama kubadilisha kungemaliza tatizo. Tuliyokwisha kuyaona yanaonyesha vinginevyo: kwenye mashine ya Skylake, draivu mpya ya USB itatoweka palepale ilipotowekea ya zamani, na kwenye mpangilio wa UEFI uliokosewa, draivu kumi hazitasaidia. Tena draivu ya nje inaweza kuleta ugonjwa usiokuwepo. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, la 3.0 miliampea 900, na baadhi ya draivu nyembamba huhitaji zaidi ya hapo mota inapoanza kuzunguka. Ikiunganishwa kwa waya mrefu au kwenye kigawanyio kisicho na umeme wake, itawaka taa, itazunguka, kisha itajizima na kujiwasha, na mtu ataambiwa kwamba hata mpya ni mbovu. Waya wenye vichwa viwili vya USB, au tundu la nyuma lililo moja kwa moja kwenye madabodi, hutatua hilo. Fundi anayeanza kwa kubadilisha anajikuta mwishoni akifanya uchunguzi uleule, baada ya kumtoza mteja.

Mpingaji wa tatu atasema haya yote yamepitwa na wakati, kwa kuwa leo mfumo unawekwa kwa flashi. Kwa mashine mpya ni kweli, na sioni sababu ya kumshauri mtu vinginevyo. Windows 11 yenyewe imezidi gigabaiti 5, haienei kwenye DVD ya kawaida ya gigabaiti 4.7. Ila flashi haikuliondoa tatizo la makabidhiano. Aliyeweka Windows 7 kwa flashi kwenye Skylake aliona ujumbe uleule kwamba draiva ya CD au DVD haipo, ingawa mashine yake haikuwa na CD wala DVD, na sijui ushahidi gani mwingine unahitajika kuonyesha jinsi ujumbe huo usivyopaswa kuaminiwa neno kwa neno. Zaidi ya hayo, ziko kompyuta nyingi ambazo BIOS yake haijui kuwaka kwa USB, au inawaka kwa kubahatisha, na kwa hizo CD ndiyo mlango pekee uliobaki.

Kompyuta hizo haziishii Maskati. Familia nyingi za hapa zina jamaa Unguja na Pemba, na mashine iliyokwisha kazi ofisini huku hupata maisha ya pili kwenye madrasa au nyumbani kwa shangazi kule. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuitunza Windows 10 kwa kawaida, mashine za namna hiyo zinazidi, kwa kuwa Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na vichakataji vya kuanzia takriban 2018. Iliyokataliwa na Windows 11 bado inaweza kubeba Linux Mint, na nakala ya Linux Mint inaenea kwenye DVD moja ya kawaida, tofauti na Ubuntu 24.04 iliyokwisha kuvuka kipimo hicho. Anayeituma na aichome DVD hiyo kwa kasi ya wastani, aihakiki, kisha aiwashe kwa draivu ileile itakayosafiri na mashine. Aandike kwa kalamu laini juu ya diski ni mfumo gani na ni wa biti ngapi, na kwenye karatasi itakayobandikwa ndani ya kifuniko aandike kama BIOS imewekwa UEFI au njia ya zamani, na kama SATA iko AHCI au IDE. Betri ndogo ya duara iliyoko kwenye madabodi nayo ibadilishwe kabla sanduku halijafungwa, kwani ikiisha njiani mipangilio hiyo yote hurudi ilivyotoka kiwandani, na mpokeaji atakutana na kioo cheusi kisicho na maelezo.